Akufukuzaye Hukupa Machenza

Nilizima injini gatini, mbele ya ghala la barafu ambalo siku hizi halina barafu. Tangu asubuhi nilikuwa nimekizunguka kisiwa chote cha Tobise, kijiji baada ya kijiji, nikiomba nyumba ya kupanga, na sikuwa nimepata hata banda la kuku. Nyuma ya pikapu lakini nilikuwa nimejaza: mifuko ya machenza, figili zenye udongo, dagaa wakavu, mwani, viazi vitamu, na mtungi wa achari uliokuwa ukivuja. Mtu angepita pale angedhani nimefungua genge.

Sikuwa nikijitafutia mimi nyumba. Ilikuwa ya binti yangu Natsuho. Yeye na mumewe Ryohei na watoto wao wawili wamechoka kuishi Osaka, kwenye vyumba ambavyo ukikohoa jirani anagonga ukuta. Karakana ya boti hapa kisiwani imekubali kumpa Ryohei kazi. Lakini kuna kiwanda kimoja kaskazini, mbali sana, kinachompa kazi pamoja na nyumba, na kinataka jibu Jumatatu. Kwa hiyo jambo lenyewe halina mafumbo. Ikipatikana nyumba, wajukuu wangu watakulia hapa. Isipopatikana, wataenda kwenye theluji, na mimi nitawaona wakiota meno kwenye simu. Kwetu hatuenei. Mimi na mke wangu Tomie tuna vyumba viwili, na kimoja kimejaa vyombo vyangu vya uashi.

Wala usiniambie nyumba hakuna. Tobise ina nyumba nyingi kuliko watu. Wazee wamekufa, watoto wao wamehamia bara, na nyumba zimebaki na kufuli mlangoni na mitambaazi mpaka juu ya vigae. Mimi ni mwashi wa kuta za mawe, zile zinazoshikilia mashamba ya machenza mlimani. Niliacha shule mapema nikamfuata baba kwenye mawe. Jiwe likikaa vibaya, limekaa vibaya. Hulibembelezi. Unaling'oa, unaweka jingine. Nilidhani na watu unaweza kwenda nao hivyo hivyo.

"Usiende wewe," Tomie aliniambia asubuhi, akinimiminia chai. "Nitaenda mimi. Au msubiri Natsuho aje mwenyewe."

"Baba mtu yupo hai, kisha atumwe mama?"

"Basi beba hata keki. Huendi kwa watu mikono mitupu."

"Naenda kuomba nyumba, siendi kuhonga."

Alinitazama kama anavyoutazama wali ulioungua. Nikaondoka.

Nilianzia Nagusa, kwa Kajitani. Ana nyumba ya marehemu kaka yake, ukuta kwa ukuta na ya kwake, vigae vizima, kisima kizuri, imefungwa tangu kaka mtu azikwe. Alinikaribisha sebuleni, akanipa chai.

"Baridi imeanza kuuma, eti, Shige?"

"Imeanza. Kaka Kajitani, nimekuja kuomba nyumba ya kaka yako. Natsuho anarudi."

Akavuta hewa katikati ya meno, sss, kama mtu aliyeunguzwa na chai. Kwetu ukisikia mlio huo, tafuta viatu vyako.

"Natsuho! Mtoto mzuri yule. Ana adabu. Ila nyumba... unajua, kabati la marehemu, lile la kuwafukizia wafu wetu udi, bado limo mle ndani."

"Natsuho atawachomea udi na kuwawekea wali. Haogopi wafu."

"Si kuogopa. Mwezi wa nane roho za marehemu zinaporudi nyumbani, zikute wageni?"

"Kaka yako alipenda wageni kuliko wewe. Akitukaribisha kunywa tulikuwa tunatoka kwake tunatambaa."

Kajitani akacheka kidogo, akaacha. "Nitalifikiria, Shige. Nitalifikiria kwa uzito kabisa."

Halafu akainuka, akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa machenza.

Mimi nina michenza nyuma ya nyumba inayozaa mpaka matawi yanavunjika. Kajitani anajua vizuri, maana kila mwaka humgawia. Lakini mtu akikunyooshea mfuko kwa mikono miwili, na wewe unaupokea kwa mikono miwili, unainama, unashukuru. Ukishashukuru huna tena mdomo wa kugombana. Nilistuka niko nje, mlango umefungwa, nimekumbatia machenza.

Tachiura nilikwenda kwa kina Iwakiri, mume na mke, wenye nyumba ya mama mkwe iliyo juu ya ngazi za hekalu. Mume husema machache. Mke ndiye msemaji.

"Tutalifikiria," alisema mke kabla sijamaliza.

"Haya, fikirieni," nikasema, nikaketi kizingitini. "Nasubiri."

Mume akamtazama mke. Mke akatazama saa. "Sasa hivi?"

"Kwani fikra zenu zinakuja na feri ya jioni?"

Mume kicheko kilimtoka, akafinywa. Mke akaanza kutoa sababu moja moja. Chumba cha juu kinavuja. Nikasema nitaziba. Sakafu imeoza. Nitaing'oa niweke mpya. Choo ni cha zamani. Ryohei ana mikono.

"Tena mama mkwe," akasema, na sauti akaishusha, "kabla ya kukata roho alituusia, nyumba isikaliwe na mtu baki."

"Mama mkwe wako alianguka bafuni akafa palepale. Mimi ndiye niliyevunja mlango. Hakuusia mtu."

Nje kunguru alikuwa akigombana na mwenzake juu ya paa. Kisha mke wa Iwakiri akakumbuka ghafla kwamba ana figili. Alizileta figili nene kama mapaja ya mtoto mchanga, na majani yake, na juu yake mtungi wa achari. Ukibeba mzigo kama ule huoni hata uso wa unayezungumza naye. Nikainama nyuma ya majani, nikasema asante.

Hae alikuwapo Shangazi Orie, anayetunza nyumba ya mpwa wake aliyehamia Nagoya. Akaniambia mpwa hurudi kila mwaka kufagia makaburi, hawezi kukosa pa kulala.

"Mwaka huu alikuja?"

"Mwaka huu hakujaaliwa."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana palikuwa na kimbunga."

"Shangazi, mpwa wako hajaja tangu reli za ngazi za nyumba yake zilipokuwa na rangi."

Akaniuliza kama Natsuho bado ana sauti nzuri ya kuimba. Akaniuliza watoto wanakula samaki. Akauliza kama Natsuho mwenyewe atakuja karibuni na boti, nikamwambia mimi ndiye niliyekuja, kama haoni. Akanipa dagaa. Nilipofika kwenye gari akanikimbilia na mwani.

Kwingine kote ikawa hivyo hivyo. Kila mlango ulimsifu binti yangu, ukalitaja kabati la marehemu, ukavuta hewa kwenye meno, ukanipa kitu cha kula.

Ndipo nikawa pale gatini, injini imezimwa, nimejaa hasira. Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Kwetu Tobise akufukuzaye hukupa machenza. Watu wazima, waliozaa na kuzika, hawawezi kulitamka neno hapana. Wanalifunga kwenye mfuko wa nailoni, wanakupa uende ukalimenye kwako. Na kila mkutano wa kijiji wanalia machozi. Kisiwa kinakufa! Shule inawasha taa darasa moja tu! Nani atalibeba sanduku la mungu siku ya sikukuu, tumebaki wenye magoti mabovu! Kisha unawaletea watoto wawili wenye afya, na baba yao anayejua injini, wanakuletea figili.

Nilikifikiria kisiwa kama nilivyokiona siku ile mbio mbio kupitia kioo. Barabara ni moja, inafuata bahari, na huwezi kupotea hata ukitaka. Mabenchi ya basi bado yapo, basi lilishaondolewa. Duka la Nagusa lina pazia la chuma lililoshuka. Machenza yameiva yote kwa pamoja, mlima mzima wa manjano, na mengi yataanguka yaoze kwa sababu hakuna wa kuyachuma. Kuta zangu zimesimama. Nilizipita kuta nilizozijenga na baba, na nyingine nilizozijenga peke yangu, zinashikilia mashamba ambayo wenyewe hawapo. Kwa nani basi? Nilipiga usukani ngumi. Mkono uliniuma, usukani haukujali.

Ilibaki nyumba moja. Niliiacha mwisho makusudi, ya Fusae, mjane aliyekuwa akikata tiketi za feri mpaka mashine ilipochukua kazi yake. Anakaa mkabala na gati, na jirani yake kuna nyumba ya wazazi wake, ghorofa moja juu, ua mpana, hatua chache kutoka karakana ya boti. Ingefaa kuliko zote. Niliiacha mwisho kwa sababu Fusae ana ulimi wa mafumbo. Nilimkuta barazani anasuka nyuzi za kuanikia matunda ya persimoni.

"Nimekuona umekaa garini unapiga usukani," akasema. "Gari limekukosea nini?"

"Dada Fusae, nimekuja kuomba—"

"Nyumba. Najua. Orie alinipigia simu, na mke wa Iwakiri kabla yake, na Kajitani kabla ya wote. Karibu ukae. Natsuho hajambo?"

"Hajambo."

"Mtoto mzuri."

"Naam, mtoto mzuri! Leo nimesikia mpaka nimechoka. Unanipangisha au hunipangishi?"

Akavuta hewa kwenye meno. Sss. "Nitalifikiria, Shige."

Akaingia ndani. Nilimsikia akifungua kabati, mfuko ukipiga kelele. Akatoka na machenza, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Sitaki," nikasema.

Sikujua kama nitalisema mpaka nilipolisikia. Sijawahi kuona mtu akikataa zawadi ya mlangoni, wala sijasikia habari zake. Fusae alibaki amenyoosha mikono. Hakuwa na pa kuuweka ule mfuko. Akiurudisha ndani ni aibu, akiuweka chini ni aibu. Ulianza kuyumba.

"Unatania," akasema.

"Sitanii. Nina machenza kwangu, nina machenza garini, nikilala nitaota machenza. Nataka neno moja. Kama ni hapana, itoe mdomoni, niisikie."

Kisha akaketi, akaupakata ule mfuko, akatoa chenza moja akaanza kulimenya yeye mwenyewe.

"Hapana," akasema.

Nilikuwa nimeitafuta kutwa nzima. Nilipoipata iliniuma kuliko zile nyingine zote.

"Kwa sababu ya kabati la marehemu?"

"Kabati gani? La wazazi wangu nilishalihamishia kwangu siku nyingi. Na la kaka yake Kajitani lipo sebuleni kwake. Amesema ulilitundikia kofia."

Nilikumbuka. Nilidhani ni kabati la vyombo.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu yako wewe." Akala kipande cha chenza. "Si ulitaka neno? Natsuho tunamtaka. Watoto tunawataka, na huyo mume anayejua injini tunamtaka zaidi, maana mashine zetu zote ni mbovu. Lakini nikimpa Natsuho nyumba, nimekupa wewe. Asubuhi uko uani kwangu, jioni uko uani kwangu. Hili limekaa vibaya, lile limeoza, yule ni mvivu. Nani anaweza?"

"Mimi nasema kweli."

"Nani amekataa? Harusini kwa mtoto wa kiume wa Iwakiri ulisimama na kikombe chako ukasema bi harusi hamalizi mwaka kwa mumewe."

"Alimaliza?"

"Hakumaliza!"

"Haya."

"Haya nini? Ulitaka wakushukuru? Mke wa Iwakiri alikuwa amekaa pale, amevaa kimono cha kuazima, ana furaha mara moja katika maisha yake!"

Nikatazama pembeni. Macho yangu yakaangukia bomba la maji ya mvua kwenye kona ya nyumba yake. Nilijaribu kulinyamazia, Mungu wangu wa mlimani ni shahidi.

"Bomba lako limepinda," nikasema.

"Umeona? Umeona!" Akacheka mpaka akapaliwa na chenza, ikabidi nimpige mgongoni.

Alipopata pumzi nikamuuliza anataka nifanye nini. Nizaliwe upya kwa umri huu? Nikate ulimi niwape na dagaa?

"Nani amekwambia ubadilike? Ukibadilika tutaogopa, tutadhani unakufa. Kaa kwako tu. Jumamosi aje Natsuho mwenyewe na watoto kwa boti ya asubuhi. Abebe keki. Apige hodi hapa, aseme samahani kwa usumbufu, kama watu. Wewe usionekane."

"Akija hivyo utampa?"

"Nitalifikiria."

"Si umeona! Hiyo ni hapana!"

"Kwako wewe ni hapana," Fusae akasema, akajipangusa vidole. "Kwake nitalifikiria kweli."

Neno lilelile. Herufi zilezile. Nilirudi garini nikiligeuza mdomoni kama kokoto. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na nilidhani nalijua, nilidhani lina maana moja na watu ndio waoga. Kumbe lina maana mbili, na muda wote huu nimekuwa nikipewa ile ya kwangu. Sikufurahi kujua. Nani angefurahi? Mtu anamaliza mafuta ya gari akizunguka kisiwa kumtafutia mwanawe nyumba, na mwisho wa safari anaambiwa kizuizi ni yeye. Tena waliojua ni wote, kuanzia Nagusa mpaka Hae, na mimi tu ndiye sikujua. Na bado nasema yule bi harusi asingekaa. Ilionekana wazi.

Nilimpigia simu Natsuho.

"Baba, umezunguka? Si nilikuomba usizunguke?"

"Uliniambia nisihangaike. Sikuhangaika. Niliendesha gari."

"Mungu wangu. Umemwambia mtu nini?"

"Fusae anasema uje Jumamosi na watoto. Ulete keki. Anasema atalifikiria."

Niliitazama simu nione kama imekatika.

"Alisema hivyo kwa mdomo wake? Atalifikiria, mimi nikija?"

"Alisema mimi ndiye naharibu. Alisema wanakutaka wewe."

"Bi Fusae? Yule hajawahi kumwambia mtu jambo moja kwa moja. Ulimfanya nini?"

"Nilikataa machenza yake."

"Baba!" Sauti ilikuwa ya kupiga kelele, kisha nikasikia anamwambia Ryohei, baba kakataa machenza mlangoni kwa mtu, na Ryohei akasema kitu, wakaangua kicheko wote wawili. Mtoto mmoja aliuliza wanacheka nini. Nilingoja. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho siku nyingi, lakini sikuwa katika hali ya kukifurahia.

"Nitakuja," Natsuho akasema mwishowe. "Ryohei atakijibu kiwanda Jumapili usiku, baada ya kujua. Na wewe, baba, Jumamosi..."

"Nimeshaambiwa."

"Usije gatini kutupokea."

"Hata kuwatupia macho kwa mbali?"

"Hata kwa mbali. Wote watakuona. Gari lako linajulikana."

Nilikata simu, nikawasha injini. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitunga mambo ya kuwaambia. Kwamba wanaojizungushia ua wa maneno matamu ndio waliokimaliza kisiwa hiki. Kwamba mtu akiona bomba limepinda na akanyamaza, siku moja nyumba nzima itaoza. Yalikuwa maneno mazuri sana na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingempatia mtoto wangu chumba.

Tomie alitoka na kandambili, akazunguka nyuma ya pikapu, akainua figili moja kwa majani yake. Akahesabu mifuko kwa macho.

"Wamekataa wote," akasema.

"Wote. Fusae kamtaka Natsuho Jumamosi."

Hakushangaa. Hata hakuuliza kwa nini. "Na vyote hivi inabidi nivirudishie fadhila," akasema. "Nyumba kwa nyumba. Kisiwa kizima, kwa basi ambalo halipo."

"Nitakupeleka."

"Utanishusha barabarani na utabaki garini."

Nikaanza kupakua. Nilishusha viazi, nikashusha mwani. Achari ilikuwa imemwagika yote, gari zima linanuka figili. Tomie alichukua dagaa, akasimama mlangoni amenipa mgongo.

"Jumamosi una kazi wapi?"

"Ukuta wa Hae, upande wa juu. Ile sehemu iliyobomoka na mvua."

"Gati unaliona ukiwa kule?"

"Mlima unaziba."

"Vizuri," akasema. "Nitakufungia chakula cha mchana. Na cha jioni."